Lori Texas, Kihamba Rehani Kibosho

Barua tatu kati ya zilizofika mezani mwezi huu, mbili kutoka Moshi na moja kutoka Arusha, zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: dereva wa lori afanye nini pale kazi za mafuta zinapopungua na magari yanapoegeshwa. Tumeziweka pamoja, na ile ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa ardhi ya ukoo.

Swali: Mshauri, shikamoo. Mimi ni dereva wa semitrela, mkazi wa Majengo, Moshi, na kwa miaka 11 nimekuwa nikipeleka mizigo Tunduma na kurudi. Mdogo wangu wa tumbo moja alipata kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, akaenda Marekani, akasomea leseni ya malori huko na kuajiriwa mjini Odessa, Texas, akibeba mchanga unaopelekwa kwenye visima vya mafuta. Kwa miaka miwili mambo yalimnyookea, hata akamalizia kupaua nyumba ya mama Kibosho. Bei ya mafuta iliposhuka, tajiri wake aliegesha nusu ya malori, na mdogo wangu akawa miongoni mwa walioambiwa wakae nyumbani. Sasa anasema malori yaliyotumika yanauzwa huko kwa bei ya kutupa, na kwamba akiwa na lake hatamtegemea mtu. Ananiomba niweke kihamba cha marehemu baba rehani benki ili nimtumie fedha za malipo ya awali. Mama amekubali, mke wangu amekataa. Je, katika mdororo huu kazi ya lori kwenye maeneo ya mafuta hupatikana vipi, na je, lori lake mwenyewe ndilo suluhisho? Na mimi naweza kumfuata nikaendeshe huko?

Jibu: Marahaba, kaka. Nianze na kihamba, kwa kuwa mama ameshakubali na benki haisubiri jarida litoke: msikiweke rehani. Sababu nitazieleza hatua kwa hatua.

Katika eneo la mafuta kuna kazi za lori za aina mbili, na sisi tulio mbali huziona kama moja. Ya kwanza hufuata uchimbaji: kuhamisha mitambo ya kuchimba kutoka mahali hadi mahali, kupeleka mabomba na saruji ya kisima, na hasa kupeleka maji na mchanga unaosukumwa chini kwa shinikizo kubwa ili kupasua mwamba, mafuta yapate njia ya kutoka. Ya pili hufuata kisima kilichokwisha kuchimbwa, ambacho hutoa mafuta usiku na mchana kwa miaka, na pamoja na mafuta hayo hutoa maji ya chumvi yasiyofaa kumwagwa popote. Yote mawili ni lazima yaondolewe kila matangi yanapojaa. Bei inapoanguka, mwenye kampuni huahirisha kisima ambacho hajakichimba, kwani hapo ndipo fedha nyingi humtoka kabla hajaona hata senti moja. Kisima alichokwisha kukilipia hukiacha kiendelee kutoa, kwa sababu hata mafuta ya bei ndogo humrudishia gharama za kila siku.

Takwimu za Marekani zinalionyesha jambo hili waziwazi. Oktoba 2014 mitambo 1,609 ilikuwa ikichimba mafuta nchini humo. Bei ya pipa, ambayo katikati ya mwaka huo ilikuwa imepita dola 100, ilishuka hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, na kufikia mwishoni mwa Mei 2016 mitambo iliyobaki kazini ilikuwa 316, yaani minne katika kila mitano ilikuwa imesimamishwa. Lakini mafuta yenyewe, kutoka kilele cha 2015 hadi kiwango chake cha chini cha 2016, yalipungua kwa kidogo zaidi ya asilimia 10 tu. Aliyebeba mchanga alikuwa amerudi kwao. Aliyebeba kilichotoka kisimani alipunguziwa safari na malipo, lakini aliendelea kuamka alfajiri na kuwasha gari.

Sisi wa Moshi tuliokuwa barabarani mwaka 1989 hatuhitaji kufika Texas ili tulielewe hili. Mkataba wa kimataifa wa kahawa uliokuwa ukigawa mauzo kwa mafungu ulivunjika Julai mwaka ule, bei ikaporomoka, nami nilikuwa utingo kwenye lori la saruji na bati. Kahawa iliendelea kuiva na kuchumwa, na malori ya kahawa yakaendelea kuteremka bandarini, ijapokuwa madereva wake walinung'unikia posho. Tuliokaa bila kazi ni sisi tuliokuwa tukipandisha saruji Machame na Marangu kwa ajili ya nyumba ambazo fedha ya kahawa ilikuwa izijenge. Lori letu liliwekwa juu ya mawe nyuma ya gereji, betri ikatolewa, na kufikia Krismasi kuku wa jirani alikuwa akitagia ndani ya kebini, kwenye kiti changu. Mdogo wako alikuwa upande wa saruji na bati.

Tena mchanga una tatizo lake la pekee. Tangu mwanzoni mwa 2025 upo mkanda wa kusafirishia mchanga wenye urefu wa maili 42, unaotoka jirani na mji wa Kermit, magharibi mwa Odessa, hadi ng'ambo ya mpaka wa New Mexico. Maili 42 ni kilomita zipatazo 68, ni kama kutoka Moshi mjini hadi Tengeru, na mchanga unaopita juu ya mkanda ule hauhitaji dereva katika umbali wote huo. Hata bei ya mafuta ikipanda kesho, safari zile hazitarudi zote.

Kwa hiyo mwambie aache kusubiri mchanga, ageukie mafuta ghafi na maji ya chumvi. Bonde la Permian, ambalo Midland na Odessa ndiyo miji yake mikuu, hutoa karibu nusu ya mafuta yote ya Marekani, na kwa kila pipa la mafuta visima vyake hutoa mapipa kadhaa ya maji hayo. Sehemu kubwa ya vitu hivyo hupita kwenye mabomba, nami sitaki kukudanganya kwamba nafasi za kazi ni tele. Ila visima vilivyo mbali na bomba, na vile vya zamani vyenye matangi madogo, bado vinategemea lori. Basi swali la kwanza la kumwuliza mwajiri, kabla hata ya mshahara, ni kama visima anavyovihudumia vimeunganishwa na bomba, na kama kuna bomba linalojengwa kuelekea huko.

Kwa kazi hiyo leseni aliyonayo huenda isitoshe. Leseni ya Marekani ya daraja la A humruhusu kuvuta tela, lakini tanki la kimiminika hudai idhini ya ziada yenye herufi N, na mafuta ghafi, kwa kuwa ni mzigo wa hatari unaowaka, hudai pia herufi H; aliye nazo zote mbili huandikiwa X. Maji ya chumvi kwa kawaida huhitaji N peke yake, na N hupatikana kwa mtihani wa maandishi, hivyo aanze na hiyo wiki hii. H ina safari ndefu zaidi: kuna mafunzo yaliyofanywa ya lazima tangu Februari 2022, kuna kuchukuliwa alama za vidole, na kuna uchunguzi wa mamlaka ya usalama wa usafiri ya nchi ile, ambao mwenye ukaazi wa kudumu kama yeye anaruhusiwa kuuomba. Uchunguzi huo unaweza kuchukua wiki kadhaa, na wiki hizi anazokaa bila kazi ndizo za kuutumia.

Ajue pia anachokwenda kufanya, kwa sababu kuchukua mafuta ghafi kisimani ni tofauti kabisa na kupakia dizeli ghalani, ambako wapo watu wa kukupimia na kukuandikia. Kule dereva hufika peke yake, mara nyingi usiku, mahali pasipo na mlinzi wala karani, na yeye ndiye mpimaji. Hupanda ngazi hadi juu ya tanki, hufungua mfuniko, huteremsha utepe wa kupimia kimo cha mafuta, huchota sampuli, hupima joto na wepesi wake pamoja na kiasi cha maji na tope kilichomo, kisha huandika stakabadhi ambayo muuzaji na mnunuzi watalipana kwayo. Mfuniko unapofunguka hutoka gesi iliyokuwa imebanwa humo. Kati ya 2010 na 2014 wafanyakazi tisa walirekodiwa kufa nchini Marekani wakiwa katika kazi hii ya kupima matangi na kuchota sampuli. Ipo pia gesi ya salfa, haidrojeni salfaidi, inayonuka kama mayai viza, ambayo ikizidi hewani huua kwanza uwezo wa pua kuinusa, hivyo anayejisemea kwamba harufu imekwisha huenda ndiye aliye hatarini zaidi. Asimame upande upepo unakotokea, avae kipima gesi kifuani, na amkimbie mwajiri asiyekitoa. Nalisisitiza hili kwa sababu bei inaposhuka vifaa vya usalama ndivyo ambavyo tajiri bahili huvipunguza mwanzo, na dereva aliyekaa miezi bila kazi huona haya kuuliza.

Kuhusu mahali pa kutafutia, ipo ofisi ya serikali ya jimbo inayoitwa Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina lake haishughuliki tena na reli; kazi yake ni mafuta na gesi, nayo hutoa bure taarifa za vibali vya kuchimba na za kiasi ambacho kila kampuni inazalisha. Akae nazo siku mbili, aandike kampuni zinazozalisha kwa wingi katika wilaya zinazozunguka Odessa, kisha aulize ni wasafirishaji gani wanaozihudumia. Hao ndio wa kuwafuata yadini mwao asubuhi na mapema, kabla msimamizi wa zamu hajamaliza kugawa magari, kwa maana katika kipindi kama hiki nafasi nyingi hazifiki kwenye matangazo: dereva mmoja anapoondoka, kiti chake huenda kwa yule aliyeonekana jana yake. Miaka yake miwili barabarani, kama haina ajali wala faini kubwa, ni mtaji ambao kampuni za bima za huko huuthamini, kwa hiyo atembee na kumbukumbu yake ya udereva mkononi.

Akiulizwa kuhusu malipo, naye aulize kama saa za kusubiri zinalipwa. Malipo ya kwa kila safari hupendeza kwenye karatasi, lakini foleni ya saa tano kwenye kisima cha kumwagia maji ya chumvi inaweza kuwa ya bure. Sheria ya Marekani humruhusu dereva wa mzigo kuendesha saa 11 ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi, ila maeneo ya mafuta yana misamaha yake, na kwa baadhi ya magari maalumu muda wa kusubiri kisimani hauhesabiwi kabisa. Wewe uliyesinzia Kitonga unajua kinachofuata. Wakati huohuo, kama alikuwa mwajiriwa halali ambaye mwajiri alimkata kodi, aombe mara moja malipo ya waliokosa kazi, ambayo Texas hutoa kwa hadi wiki 26. Kama aliandikishwa kuwa mkandarasi binafsi, mlango huo kwa kawaida ni mwembamba sana.

Sasa hilo lori la bei ya kutupa. Lina bei hiyo kwa sababu ile ile iliyomfanya yeye akose kazi. Aliyelinunua wakati wa neema alipiga hesabu ya safari tano kwa siku. Safari zilipokuwa mbili, rejesho la benki lilibaki lile lile, na ndiyo maana gari liko sokoni. Mdogo wako akilichukua atakuwa ameingia kwenye nafasi ya mtu aliyeshindwa, kwenye soko lile lile, tena akiwa na bima, matairi, dizeli na siku za gereji juu ya kichwa chake. Mwajiriwa safari zikikosekana hukosa mshahara. Mwenye lori hukosa mshahara na bado anadaiwa. Hata hiyo kazi ya kubeba mafuta ghafi niliyoisifu si ngome: tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mafuta ya Marekani katika soko la mikataba ilianguka chini ya sifuri, hadi dola 37.63 upande wa hasi, kampuni zikafunga hata visima vilivyokuwa vikitoa, na kufikia Agosti mwaka huo mitambo ya kuchimba mafuta iliyobaki kazini nchini kote ilikuwa 172. Katika msimu kama ule mwajiriwa hubeba leseni yake akaenda kuvuta vyakula Dallas. Mwenye deni la tanki la mafuta ghafi hana pa kulivutia.

Aogope zaidi mikataba ambayo msafirishaji humkodisha dereva lori kwa ahadi kwamba litakuwa lake akimaliza kulipa, huku msafirishaji huyo huyo ndiye anayeamua apewe safari ngapi kwa wiki. Nimewaona watu wazima wakilia kwa mikataba ya namna hiyo hata hapa kwetu, kwenye bodaboda.

Mama amekubali kwa sababu ni mtoto wake. Mkeo amekataa kwa sababu amepiga hesabu. Kihamba kina kaburi la baba yenu na mama mwenyewe yumo ndani yake, na benki ikija kuuza haitauza lori la Texas. Kama mnataka kumsaidia, mchangieni ada za hizo idhini mbili na kodi ya nyumba ya mwezi mmoja au miwili. Ni fedha ambayo ndugu wanaweza kuikusanya bila kugusa ardhi.

Kuhusu wewe kumfuata, hilo liweke kando kwa sasa. Tarehe 21 Agosti 2025 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kusitishwa kwa utoaji wa viza za kazi kwa madereva wa malori ya biashara, na tangu Juni mwaka huo dereva anayeshindwa kuzungumza na askari kwa Kiingereza barabarani huweza kuondolewa kwenye usukani palepale. Ukipata mtu anayekuambia ana njia ya mkato, soma jibu la tatu hapa chini.

Swali: Mshauri, salaam. Ninaishi Sakina, Arusha. Kwa miezi 19 nimeendesha lori la kubeba mabomba kutoka Sojo, Nzega, nikiwa nimeajiriwa na mkandarasi mdogo katika ujenzi wa bomba la mafuta ghafi. Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu nikaambiwa nisirudi, kazi imepungua, nitaitwa. Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili. Wenzangu wanasema twende Hoima, Uganda, au Lokichar, Kenya, yaliko mafuta yenyewe. Unashaurije?

Jibu: Ndugu yangu, kabla ya Hoima kuna ofisi ya hapo hapo Arusha unayotakiwa kufika wiki hii, nayo ni ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mkataba wa muda maalumu uliokatishwa kwa simu ukiwa umebakiza miezi mitano una madai ndani yake, hasa mishahara ya miezi hiyo, lakini lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali hupokelewa ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Neno "utaitwa" limewafukia madereva wengi: mtu hukaa akisubiri simu, na siku anapochoka kusubiri, siku 30 zimekwisha na anaanza kuomba kuongezewa muda kwa kujieleza. Nenda na nakala ya mkataba, hati za malipo na namba iliyokupigia. Omba pia cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kisheria kukupa, maana bila hicho miezi 19 yako ni hadithi tu kwa mwajiri ajaye.

Kuhusu kufuata mafuta yaliko, niliyomweleza msomaji wa Majengo yanakuhusu hata wewe. Kazi yako ilikuwa ya ujenzi, na bomba ni ujenzi ambao ukikamilika huondoa malori. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko katika ardhi yetu. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, ndiyo maana bomba lenyewe limesanifiwa kupashwa joto njia nzima, na hakuna aliyekusudia kuyapakia kwenye semitrela hadi pwani. Huko Hoima, kanuni za Uganda za 2016 zimeweka usafirishaji miongoni mwa huduma zilizotengewa kampuni za Waganda, kwa hiyo viti vikiwepo utavikuta vina wenyewe.

Lokichar ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu pale malori yalibeba mafuta ghafi kwelikweli. Juni 2018 yalianza kuyateremsha hadi Mombasa, safari ya takribani kilomita 1,000, yakiwa na matangi yaliyofungwa ili joto lisipotee. Kabla mwezi haujaisha wananchi wa Turkana waliyazuia barabarani wakidai usalama na sehemu yao ya ajira na manufaa, na misafara ikasimama kwa wiki kadhaa. Meli ya kwanza iliondoka Mombasa Agosti 2019. Kisha mvua zikaharibu barabara, bei ikaanguka 2020, na msafara mzima ukakoma. Hesabu mwenyewe: tangu lori la kwanza hadi kusimama haikufika hata miaka miwili, na kila yatakapoanza tena, kijana wa Turkana ndiye atakayedai usukani kwanza, na kwa haki.

Mimi ningetazama Tanga. Meli za mafuta yaliyosafishwa hushusha pale, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza kila mwezi bei kikomo kwa kufuata bandari tatu za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na mikoa yetu ya kaskazini huhesabiwa kwenye Tanga. Malori hupakia pale, yakapita Segera, Mombo na Same kuja Moshi na Arusha, juma baada ya juma. Hapa kwetu kushuka kwa bei ya mafuta duniani ni neema kwa dereva wa tanki: sisi ni wanunuzi, na lita zikiwa nafuu watu huendesha zaidi, watalii husafirishwa zaidi, na pampu za Sakina humalizika mapema zaidi. Leseni ya daraja E unayo. Kinachokosekana ni mafunzo ya kubeba mizigo ya hatari, ambayo unaweza kuyaulizia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au vyuo vya ufundi vya VETA, na unyenyekevu wa kujifunza upya, kwa sababu bomba la chuma lililofungwa minyororo hukaa kimya kwenye kona, lakini tanki lisilojaa husukuma gari lote kuelekea nje ya kona sekunde moja baada ya wewe kudhani umeshaimaliza. Kubali kuanza kama dereva wa pili kwa miezi michache hata kama posho ni ndogo.

Swali: Mwanangu, habari. Mimi ni mama wa hapa Pasua, Moshi. Kijana wangu ana leseni daraja E. Wakala mmoja amemwambia kuna kazi ya lori kwenye mafuta ya Alberta, Kanada, akalipa shilingi 600,000 za kufungua faili. Sasa anatakiwa atume 2,800,000 kabla ya Ijumaa kwa ajili ya kibali cha mwajiri. Nimpe?

Jibu: Mama, shikamoo. Usimpe, na yeye asitume.

Kibali ambacho mwajiri wa Kanada huombea ruhusa ya kuajiri mgeni kina ada ya dola 1,000 za huko, na ada hiyo hulipwa na mwajiri, ambaye sheria inamkataza kumdai mfanyakazi airudishe. Sheria za Alberta nazo haziruhusu wakala kumtoza mtu fedha kwa kumtafutia kazi. Leseni yetu ya daraja E haibadilishwi tu ikawa leseni ya semitrela ya huko. Tangu Machi 2019 jimbo hilo linamtaka dereva mpya apitie mafunzo ya lazima na mitihani kabla ya kuvuta tela. Wakala anayeahidi usukani moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege hajui kazi anayoiuza, au anaijua vizuri sana. Tena mafuta yanaposhuka bei, madereva wa Alberta wenyewe huwa wamekaa nyumbani, na mwajiri huwapigia hao simu kabla ya kufikiria Pasua.

Kijana aulize kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, kama wakala huyo amesajiliwa kupeleka watu nje. Ile 600,000, kama ilitumwa kwa simu, ujumbe wa muamala usifutwe. Aende nao polisi kabla ya hiyo Ijumaa, wakati namba ile bado inapokea.